Jaribu Bila Kusakinisha

Batuli wa Tudor, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
alinijia na kitu cha duara ndani ya gazeti.
Nikadhani mkate wa mofa.
Kumbe sidii, tundu katikati,
na juu yake, kwa wino mzito: USIANDIKE HAPA.
Mwandiko ni wake mwenyewe.

Dukani kwangu Bondeni
(fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi)
kompyuta ilikuwa siku ya nne imegoma.
Skrini ya buluu, maneno meupe,
hukumu isomwayo mbele ya mshtakiwa kiziwi.
Na humo ndani, kadi mia mbili za kina Mbwarali,
harusi Jumamosi,
jina la bwana harusi bado lina kosa.

Fundi wa Mwembe Tayari alitaka elfu nne
na ruhusa ya kufuta kila kitu.
Nikamwambia, kila kitu ndicho nikitakacho.

"Hii haigusi kitu," Batuli akasema.
"Yakaa barazani tu. Ndani haiingii mpaka uikaribishe."

Ikaanza kulia, nazi kavu juu ya mbuzi butu.
Ikanyamaza. Ikakuna tena.
Nikauza madaftari mawili na kalamu.
Mara skrini nzima ikawa rangi ya ukwaju
na orodha ya lugha, ndefu kuliko foleni ya feri;
nikashuka, nikashuka,
nikaikuta yetu jirani na Kinyarwanda.

Faili. Hariri. Mwonekano. Msaada.
Hatua mbili ndani, tafsiri ikakatika,
Kiingereza kikarudi bila hodi.
Nilimwona aliyeifanya kazi ile:
usiku, chai imepoa,
maneno elfu tatu yamebaki, akasema kesho.
Simlaumu. Alifika alipofika.

Saa nikaiweka ya Nairobi, kwani Mombasa haimo.
Hata saa zetu wamezichukua.

Kisha Batuli akaigusa alama ya diski
na diski, iliyonigomea siku nne, ikafunguka.
Zote zilikuwemo:
hati za viwanja, risala za mahafali,
barua za kuomba kazi za watu
waliokwisha kuajiriwa na kufukuzwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Miaka yote nilidhani wahenga wasema habari ya biriani.

Nikalisahihisha jina: Swaleh, si Saleh.
Nikahifadhi mezani, pale pale mbele ya macho.
Nikabadili hata picha ya nyuma.
Stima ikaenda.

Iliporudi, saa kumi na moja, nazi ikakunwa upya,
ukwaju ule ule:
Karibu. Chagua lugha.
Kana kwamba hatujawahi kuonana.
Swaleh wangu nilimweka juu ya meza ya mgeni,
na mgeni kaondoka na meza yake.

Batuli alicheka hadi akashika kaunta.
Safari ya pili nikahifadhi kwenye flashi,
na kadi zikatoka, zikanukia wino,
mia mbili na tatu, tatu zimepinda.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo siku ya tatu,
siku ya kumpa mgeni jembe.
Mshale umesimama juu ya neno moja: Sakinisha.
Neno lina sakini ndani yake, na sakini ni kukaa.

Nami niko hapa mwaka wa kumi na moja.
Kodi nalipa mwezi kwa mwezi.
Masanduku mawili nilitoka nayo Siyu;
moja mpaka leo sijalifungua,
nimeweka juu yake pasi na feni.

Una hakika? skrini yauliza.
Ndiyo. Rudi nyuma.

Kuna mtu agonga kaunta kwa sarafu:
kitambulisho, pande zote mbili, nakala nne, ana haraka.

Nimemwambia angoje.